Mtutu wa Kulia, Mtutu wa Kushoto

Jumamosi, 6 Julai

Msimu wa kuwinda umefunguliwa na kibali changu ninacho mfukoni. Nimerudi Gongo la Mboto na sungura wawili kutoka shambani Kisarawe. Wa kwanza nilimpiga kwa hatua arobaini na mbili, nikazipima mwenyewe. Mpima ardhi anaweza kustaafu kazi, miguu yake haistaafu. Albano, jirani yangu wa shamba, Mmakonde mchonga vinyago aliyehamia kwenye kilimo baada ya macho kumchosha, alisema hajawahi kuona mtu anayehesabu hatua anapokwenda kuokota nyama yake. Nikamwambia kila mtu na ugonjwa wake.

Bunduki ni ile ile ya marehemu baba, yenye mitutu miwili. Alilinda nayo mahindi yake kule Bukoba, nami nalinda nayo kunde zangu. Sungura msimu huu ni wengi, wanakata miche usiku kucha kama walioajiriwa.

Jumapili, 7 Julai

Mke wangu Auleria kawapika kwa nazi. Kwetu, tangu enzi za baba, anayekuta gololi ya katriji kwenye nyama huigonga kwenye sahani ili wote wasikie, kisha huongezewa kipande. Leo nimegonga mara mbili. Mke wangu anadai nilikuwa naigonga ile ile.

Jumamosi, 20 Julai

Upepo mkali. Sikupiga kitu.

Jumatano, 31 Julai

Binti yetu Hope anakuja nyumbani. Mimba ina miezi sita. Hii ni ya tatu, mbili za mwanzo zilitoka kabla ya kufika hapa, kwa hiyo daktari amempumzisha mapema kazi ya kufundisha kemia kule Dodoma. Mama yake amesema uzazi wa kwanza hufanyika nyumbani kwao, na mkwe wetu Elibariki hakubishana. Nimepaka rangi chumba chake. Sijamwambia mtu, ila nilipokuwa napaka niliongea na Mungu peke yangu kwa muda mrefu.

Jumapili, 4 Agosti

Amefika jana, mnene, mzuri, miguu imemvimba. Leo mama yake alimwekea paja zima la sungura. Akalisogeza pembeni ya sahani taratibu, mtu angedhani analipisha njia.

"Baba, usikasirike," akasema. "Mie siwezi kula nyama iliyopigwa na hizi katriji zako."

Akaeleza kama yuko darasani. Gololi zangu ni za madini ya risasi. Ni laini, zikigonga mfupa zinameguka vipande visivyoonekana kwa macho, na kuzitoa zile nzima hakusaidii. Mjamzito akivila vinaingia kwenye damu yake na kwa mtoto. Kuna katriji zenye gololi za chuma, akasema, nitafute hizo.

Nikamwambia nimekula nyama hii kwa miaka sitini na meno yangu yote ninayo.

"Lakini wewe huna mimba, baba."

Mama yake akacheka. Mimi sikucheka. Mtoto aliyelelewa kwa bunduki hii anakataa nyama yake mbele ya mama yake, na mimi nimeketi pale pale.

Jumamosi, 10 Agosti

Sungura wawili. Nimempa Albano wote. Ana wajukuu wawili anaoishi nao pale shambani, mmoja wa miaka saba na mwingine wa minne. Wao hawachagui.

Jumamosi, 17 Agosti

Wanne. Wote kwa Albano. Aliuliza kama nimekosana na mke wangu.

Jumanne, 20 Agosti

Nimekwenda Temeke kwa Gibson, fundi bunduki. Ni kijana wa miaka arobaini hivi, ananiamkia vizuri, lakini akishaishika bunduki anakuwa yeye ndiye mzee. Aliitazama ya baba kwa dakika nyingi, akapitisha kipimo kwenye midomo ya mitutu.

Alisema katriji za chuma anazo chache, na kibali changu kinaniruhusu kuchukua. Ila kuna mambo mawili. La kwanza, chuma ni chepesi kuliko risasi, kinapoteza nguvu mapema, kwa hiyo nisahau hatua arobaini. Ishirini, ikizidi ishirini na tano. La pili, chuma hakibonyei. Mtutu wa kushoto mdomo wake umebanwa sana ili gololi zisitawanyike, kama walivyotengeneza bunduki za zamani, na gololi za chuma zikilazimishwa kupita pale zinaweza kuuharibu au kuupasua. Wa kulia uko wazi zaidi, huo hauna shida.

"Kwa hiyo mzee, chuma kulia tu. Kushoto usithubutu. Au niupanue mdomo, lakini hautakuwa tena ule wa babu."

Nikakataa mtutu kupanuliwa. Bunduki imevuka ziwa na reli kuja hapa ikiwa nzima, haitakeketwa Temeke kwa sababu ya somo la kemia. Nimechukua boksi moja la chuma na kurudi nalo nimenuna.

Jumamosi, 24 Agosti

Siku mbaya. Niliweka katriji ya chuma kulia, kushoto nikaacha tupu. Sungura alitoka kwenye majani, nikampiga kwa mazoea yangu, hatua thelathini na tano. Niliona mguu wa nyuma ukikunjika, lakini akaingia kichakani. Mimi na Albano tulimtafuta saa mbili nzima. Tuliona damu kwenye majani matatu, kisha hakuna.

Sijawahi kumwacha mnyama hivyo. Baba angeninyang'anya bunduki. Nilipofika nyumbani Hope aliuliza habari za shamba, nikasema kunde zinaendelea vizuri.

Jumamosi, 31 Agosti

Nimekosa.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimekosa tena. Albano anasema sungura wameanza kunizoea. Nyumbani Hope anataja supu kila siku, anasema mate yanamjaa akisikia harufu ya nazi tu. Anakula, anatapika, anakula tena. Amekonda mikono.

Jumamosi, 14 Septemba

Mawingu, lakini hayakumwaga kitu.

Leo niliweka chuma kulia na risasi kushoto. Nilijiambia ile ya kushoto ni ya dharura tu, nikimjeruhi mnyama kama siku ile. Sungura akatoka karibu na tuta la mihogo. Nikafyatua kulia. Akayumba, au akakata kona, maana wanakatanga kona hivyo hivyo. Na kabla hajaamua nini kimempata, mtutu wa kushoto nao ukalia. Miaka hamsini kidole changu kimefundishwa kufuatisha cha pili, leo hakikuniuliza. Sungura akalala.

Hatua ishirini na nane. Nilisimama juu yake nikiangalia manyoya. Nani kamuua? Albano alikuwa upande wa pili, nikamuuliza.

"Ya kwanza ndiyo imempata, niliona manyoya yakiruka."

Ndilo jibu nililotaka, kwa hiyo sikumuuliza mara ya pili. Njia nzima kupita Pugu nilikuwa najipangia hesabu: kama ya kwanza ilimpata, basi ya pili huenda ilipita juu, na kama ilipita juu, sungura huyu ni wa chuma. Kazini nilikuwa namkataa kijana yeyote aliyeniletea vipimo vya namna hiyo.

Hope alinipokea getini. Akaniuliza, "Ni chuma?"

Nikasema, "Chuma."

Jumapili, 15 Septemba

Naandika mchana huu huu nikiwa peke yangu sebuleni.

Alikula kwa raha niliyoisahau. Ini alilimaliza kabla hatujakaa sawa. Akafyonza mifupa ya paja, akacheka, akasema mtoto anapiga mateke ya shukrani. Kisha akagonga sahani. Gololi ya kwanza. Mama yake akamwongezea kipande. Akagonga tena. Ya pili. Akagonga ya tatu, tukapiga makofi wote, na mimi nilipiga makofi.

Hakunishuku, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alitaka tu kumwonyesha mama yake jinsi chuma kinavyovutwa. Akainuka, akabandua sumaku kwenye mlango wa friji, akaipitisha juu ya sahani. Ya kwanza ikaruka ikang'ang'ania. Ya pili ikafuata. Ya tatu ilikaa. Akaisogezea sumaku karibu, ikakaa. Akaikandamiza kwa ncha ya kisu, ikabonyea.

"Baba, ulipiga mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Zote za chuma?"

Nikaitazama ile gololi iliyobonyea. Angenitukana ningeshukuru. Aliweka sumaku mezani, akatoka nje hadi kwenye karo la kufulia, akaingiza kidole kooni. Nilimsikia akitapika na mama yake akimshika mgongo. Nilibaki na sahani tatu.

Auleria aliporudi hakukaa. "Baba Hope, ungesema hujui," akaniambia. "Ulikuwa hujui. Si ungesema hivyo hivyo tu?"

Nimejiuliza kwa nini sikusema. Nadhani ni kwa sababu alikuwa getini ameweka mikono kiunoni, anatabasamu, na kwa wiki sita hakuna mtu aliyenitabasamia kwa sababu ya bunduki. Kwa tabasamu hilo nilimlisha sumu mwanangu na mjukuu wangu. Naiandika hivyo ili nisije nikaisoma siku nyingine ikiwa imelainishwa.

Alhamisi, 19 Septemba

Kliniki. Nimewapeleka kwa pikapu. Daktari, mama mtulivu, alisema mlo mmoja si wa kumfanya mtu akeshe analia, na kutapika haikuwa lazima. Akachukua damu ipelekwe kupimwa.

Kisha Hope akamuuliza jambo ambalo sikulitegemea. Je, kama mtu alikula nyama ya aina hii tangu utotoni? Akamweleza habari ya kugonga sahani. Akamweleza kwamba yeye alikuwa hazirudishi gololi sahanini, alikuwa anazimung'unya kama pipi hadi chakula kiishe, na baba yake alikuwa anacheka.

Ni kweli. Nilikuwa nacheka. Nilimwita jasiri.

Daktari alisema madini haya hukaa kwenye mifupa miaka mingi, na mwanamke akibeba mimba mifupa inaweza kuyaachia. Hope akauliza, "Na zile mbili zilizotoka?" Daktari alivua miwani. Alisema mimba hutoka kwa sababu nyingi, na kwa zile mbili hakuna mtu duniani atakayeweza kusema ndiyo wala hapana.

Wala hapana. Ningepewa ndiyo ningejua pa kuweka kichwa changu. Nimekaa na hili tangu mchana. Maisha yangu yote kazi yangu ilikuwa kwenda mahali ambapo watu wawili wanabishana mpaka uko wapi, nikapima, nikasimika jiwe, wakanyamaza. Hapa hakuna pa kusimika jiwe. Naogopa, na nina aibu, na sijui ninamwogopa nani.

Jumamosi, 28 Septemba

Sikwenda shamba.

Alhamisi, 3 Oktoba

Majibu ya damu. Madini yapo, juu ya kiasi kinachokubalika, lakini si ya kumlaza hospitali. Maziwa kwa wingi, dagaa, mboga za majani, na chanzo kikatwe kabisa. Hope aliisoma karatasi mara mbili, akanipa na mimi niisome. Ni mara ya kwanza ananipa kitu mkononi tangu siku ile. Nimekwenda kutafuta maziwa mwenyewe hadi Pugu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimerudi kwa Gibson. Nilimwambia aupanue mdomo wa kushoto, akasema sasa hivi ana kazi za watu hadi mwaka mpya. Sikumlaumu, alinipa nafasi nikaringa. Badala yake amenifundisha kumsogelea mnyama. Nimejifunza shambani kutambaa kwa tumbo katikati ya matuta, mzee wa miaka sitini na nne, Albano akiwa amekaa kivulini anatoa maelekezo kama kocha. Nimefika hatua kumi na tisa kutoka kwa sungura bila yeye kunisikia. Sikupiga, nilitaka kujua tu kama inawezekana.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli. Bafuni panavuja.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mtoto wa kike. Kilo tatu na kidogo. Analia vizuri. Elibariki amefika kutoka Dodoma na shati limegeuzwa nje ndani. Wamempa jina Eliaichi. Wataifuatilia damu yake pia, daktari amesema asubuhi hii anaonekana hana neno. Nimemtazama kupitia kioo, nikatoka nje, nikalia nyuma ya pikapu.

Jumapili, 3 Novemba

Leo Hope amesema, akimwambia mama yake lakini mimi nikiwepo, kwamba angekunywa supu ya sungura kama atapatikana wa chuma tupu. Nimeitika kwa kichwa.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua ilinyesha alfajiri, ardhi ikawa laini, hatua hazisikiki. Niliweka chuma kulia. Kushoto niliweka risasi. Nimefikiria sana kabla ya kuiweka. Nimeiweka kwa ajili ya mnyama aliyejeruhiwa, si kwa ajili ya kidole changu, na kidole nilikifanyisha mazoezi wiki nzima na bunduki tupu, kulia, kisha kutulia, hadi kikaelewa.

Sungura alikuwa amekaa kwenye kunde. Nilitambaa hadi hatua kumi na nane. Nikafyatua kulia. Sijui kama nilipumua vibaya au yeye ndiye aliyegeuka, gololi zikampata nyuma. Akaanza kujizungusha na kulia. Watu wengi hawajui kwamba sungura analia. Analia kama mtoto mchanga, sauti ile ile, na mimi nina mtoto mchanga nyumbani. Sikumwacha hata dakika. Nikafyatua kushoto, kukawa kimya.

Albano akaja na kisu, akamsifia unene. Nikamwambia tunamfukia.

Alinitazama kama niliyepigwa na jua. Akasema kama Hope hamtaki basi nimpe yeye, wajukuu wapo, kuna ubaya gani. Ikabidi nimweleze. Nilimweleza yote tukiwa tumechuchumaa pale kwenye kunde: gololi laini, vipande visivyoonekana, mama wajawazito, watoto wadogo, mifupa. Nilipotaja watoto wadogo nilisikia mwenyewe ninachokisema, lakini nilikuwa nimeshakisema.

Albano alifuta kisu kwenye majani ingawa hakikuwa na damu.

"Mzee Audax, na wale wengine je?" akauliza. "Wale wa mwezi wa nane. Wale ulionipa mie."

Walikuwa sita. Niliwapa baada ya Hope kunieleza mezani, si kabla. Nilikuwa nimeshasikia kila neno, na sikuliamini kwa ajili ya mwanangu, na kwa ajili ya wajukuu wa Albano halikunipita hata kichwani. Nimejihukumu miezi miwili kwa ajili ya nyumba yangu, na hawa wawili sikuwa nimewaweka kwenye hesabu kabisa.

Sikumjibu. Yeye hakukasirika. Alichukua jembe, akachimba shimo la kina kizuri ili mbwa wasifukue, akamlaza sungura, akafukia, akaukanyaga udongo. Afadhali angenisukuma.

Nimefika nyumbani mchana. Hope alikuwa amekaa kibarazani anamnyonyesha mtoto. Akaniuliza kama nimepata. Nikamwambia nimepata, nimepiga mara mbili, ya pili ilikuwa risasi, nimemfukia. Alinitazama usoni, akasema ahsante. Ningeweza kuishia hapo, na nilitamani kuishia hapo, maana ilikuwa ahsante ya kweli. Lakini nikamwambia na swali la Albano, na sungura sita, na mwezi wenyewe.

Alimhamisha mtoto ziwa la pili. "Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu."

"Basi rudi ukamjibu, baba. Mie supu nitasubiri."

Kesho baada ya misa ya kwanza nakwenda Kisarawe. Nitamwambia Albano kwamba nilijua, na nitamwomba aniruhusu niwachukue wale watoto Jumatatu niwapeleke kupimwa damu. Bunduki nitaiacha kabatini.